KUKOJOA DAMU SIO DALILI YA KUBALEHE!

Sehemu nyingi za Afrika, zamani dogo akianza kukojoa damu wala hakupelekwa hospitali. Wakubwa walicheka tu: keshakuwa mwanaume huyo! Kumbe ni kichocho, na kikiachwa miaka mingi kinaweza kuzaa saratani ya kibofu.

Unaambiwa hii stori ni ya kale balaa. Mwaka 1910 daktari Marc Armand Ruffer aliripoti mayai ya kichocho kwenye figo za maiti mbili za Misri zilizokaushwa miaka kama 3,000 iliyopita. Mnyoo wenyewe aliugundua Mjerumani Theodor Bilharz, mwaka 1851, pale Cairo.

Mwaka 1863, Rudolf Virchow wa Berlin akaja na wazo zito: saratani huanzia pale mwili unapovimba na kuumia bila kupona. Cairo ikampa ushahidi. Mwaka 1911 daktari Ferguson alihusisha saratani ya kibofu na kichocho. Mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani likakiweka rasmi kwenye orodha ya visababishi.

Inakuwaje sasa? Mnyoo jike anataga mayai yenye mwiba. Mengine yanatoka na mkojo, mengine yananasa kwenye ukuta wa kibofu. Kinga ya mwili inayashambulia, kibofu kinavimba, seli zinakufa, mpya zinazaliwa. Mwaka baada ya mwaka. Kemikali za vita hiyo zinaharibu vinasaba, na kila seli inavyojigawa, makosa yanaongezeka. Siku moja seli inagoma kuacha kujigawa. Hiyo ndo saratani.

Sio kila mwenye kichocho atapata saratani. Ila huko Singida, watoto wanaoga kwenye malambo na watu wanalima mpunga bonde la Wembere, miguu ndani ya maji. Konokono wanaobeba kichocho wanapenda maji kama hayo, yametulia na hayana chumvi.

Dawa ipo, praziquantel, na shuleni inagawiwa. Tatizo ni yule aliyemaliza shule, akahamia Dar, akasahau lambo. Mnyoo haujamsahau, unaweza kuishi mwilini miaka kadhaa.

Kama uliwahi kuogelea huko, nenda kapime mkojo na umwambie daktari ukweli. Ukiona damu, usicheke.