Kusafisha kwa Hiari, Kusafisha kwa Amri

Wahenga walisema, kazi mbi si mchezo mwema. Maana yake ni kwamba kazi, hata ikiwa duni namna gani, ni afadhali kuliko mchezo, hata ukiwa mtamu namna gani. Methali hii tuliifundisha miaka mingi bila kuihoji. Siku hizi umezuka mchezo unaoitia mashakani, kwa sababu mchezo wenyewe ni kazi, tena kazi ile ambayo watu wengi huikimbia: kuosha uchafu.

Mchezo huo huitwa PowerWash Simulator. Ulitengenezwa na kampuni ya FuturLab ya Uingereza, ukaanza kuuzwa mwaka 2021 ukiwa haujakamilika, na toleo kamili likatoka Julai 2022. Mchezaji hukaa mbele ya kompyuta akapewa mashine ya kurusha maji kwa nguvu, kama zile ambazo vijana huoshea magari kando ya barabara zetu kuu. Kisha huoneshwa gari, nyumba au uwanja wa watoto uliogandamana tope na ukungu, naye huosha mpaka kila sehemu itakate. Hakuna adui, wala hakuna saa ya kumkimbiza. Sehemu moja ikiisha husikika mlio mdogo kama wa kengele, na hesabu ya asilimia humwambia amefika wapi.

Mjukuu wangu mmoja ndiye aliyenifundisha. Tangu hapo, nikichoka kuandika, huosha ukuta mmoja au gurudumu moja kwa robo saa, kisha nafunga na kurudi kwenye karatasi zangu. Kwa mtu aliyepita chuo cha ualimu na kuishia ualimu mkuu, haikunitosha kuona kwamba napumzika; nilitaka kujua sababu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford nao walijiuliza hivyo hivyo. Matokeo yao ya mwaka 2024, yaliyotokana na wachezaji zaidi ya 8,000 wa nchi 39, yalionesha kwamba kwa kadiri ya asilimia 72 ya wachezaji moyo ulichangamka kidogo walipokuwa wakicheza, tena hasa katika dakika 15 za mwanzo. Basi si uzee wangu tu.

Lakini swali la mwalimu wa historia ni jingine. Iweje kazi ambayo watu huikwepa nyumbani na shuleni iwe starehe mara inapoingia ndani ya kioo? Nadhani jibu limo katika historia yetu wenyewe, wala hatuna haja ya kwenda mbali na Makanya kulitafuta.

Makanya iko tambarare, chini ya milima ya Upare Kusini, kwenye njia ya reli iliyotoka Tanga ikafika Moshi mwaka 1911. Ni nchi ya mkonge, ya machimbo ya jasi na ya vumbi. Mvua ni haba, kwa hiyo maji yote ya maana hutoka mlimani. Huko juu Wapare walijenga ndiva tangu kale, yaani mabwawa madogo yanayokinga maji ya vijito usiku ili asubuhi yafunguliwe na kuingia mifereji, kila mkulima kwa zamu yake. Ndiva ya Manoo huko Bangalala ni moja ya zinazojulikana sana. Sisi wa chini hupata maji hasa mto unapofurika. Ndipo wakulima huyachepusha kuyaingiza mashambani.

Sasa, maji hayaji peke yake. Huja na udongo. Ndiva hujaa tope, na mfereji wa tambarare huweza kuzibwa na mchanga kwa furiko la usiku mmoja. Usiposafishwa, hakuna mahindi. Ndiyo maana desturi ya msaragambo, kazi ya pamoja ya Wapare, ilishikwa kwa uzito. Watu huitwa, hushika majembe, huzoa tope, na asiyefika bila udhuru hutozwa. Kusafisha huko si jambo la pambo. Ni mlango wa chakula, na haki ya mtu kupata maji hushikamana na jasho lake.

Tazama basi vipengele vya kazi hiyo. Mtu anajua kwa nini anafanya, anaona mwisho wake, na jirani yake yuko matopeni pamoja naye. Maji yakipita, wote huyaona yakipita.

Utawala wa kikoloni ulidhani kwamba Mwafrika akiamriwa atafanya vivyo hivyo. Katika milima ya Uluguru wananchi walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Shabaha yenyewe haikuwa mbaya, lakini amri ilitoka juu, na mwaka 1955 ghasia zikazuka, mpango ukafa. Upareni kwetu lilikwishatokea jambo la namna hiyo kwa upande wa kodi. Serikali ilileta kodi iliyoitwa mbiru, jina la ushuru wa kale wa watawala wa Kipare, na mwaka 1945 maelfu ya watu waliteremka hadi Same kuipinga. Baadaye ikafutwa. Jina lilikuwa la desturi, lakini moyo wake ulikuwa wa amri, na watu waliutambua upesi.

Baada ya Uhuru tulijaribu njia nyingine. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, na shule zikatakiwa ziwe pia mahali pa kazi. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza radio na kusoma vijitabu kwa majuma kumi na mawili, wakajadiliana juu ya malaria, safura, kuhara na kichocho, kisha wakaenda kuchimba vyoo, kufyeka nyasi na kufukia madimbwi. Hapo watu walielezwa sababu kabla ya kushikishwa jembe, na hiyo kwangu ndiyo siri ya mafanikio yake.

Shuleni, hata hivyo, ufagio ulikuwa na sura mbili. Asubuhi ulikuwa zamu: kila darasa na eneo lake. Mchana uligeuka adhabu: aliyechelewa akafagie, aliyepiga kelele akaoshe choo. Watoto si wajinga. Wakiona choo huoshwa na mkosaji, watahitimisha kwamba kuosha choo ni fedheha, na fedheha hiyo wataibeba mpaka utu uzima. Nilipokuwa mwalimu mkuu niliagiza kwamba choo kioshwe kwa zamu tu, walimu wakisimamia, wala kisitumiwe kumwadhibu mtoto. Wenzangu kadhaa waliniona mlegevu. Bado nashikilia kwamba agizo lile lilikuwa sahihi.

Kizazi cha sasa kinakumbuka zaidi Desemba 9, 2015. Rais Magufuli, aliyekuwa na mwezi mmoja madarakani, alifuta sherehe za Uhuru akaitangaza siku hiyo kuwa ya usafi, wakati kipindupindu kilikuwa kimeenea nchini. Yeye mwenyewe alionekana jijini Dar es Salaam akizoa taka kwa mikono. Kisha Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ikawekwa kuwa ya usafi. Siku ile ya kwanza watu walijitokeza kwa wingi, kwa kuwa waliona mkubwa ameinama. Lakini penye kazi ambayo sababu yake haielezwi tena na mwisho wake hauonekani, mahudhurio hutaka mgambo.

Sasa turudi kwenye kompyuta. Mchezo ule, kwa maoni yangu, umeondoa katika kusafisha yale mambo mawili yaliyokuchafua: amri na fedheha. Hakuna aliyenituma. Hakuna anayenicheka. Na kazi ina mwisho ninaouona kwa macho, jambo ambalo mwalimu, mzazi na mkulima hulipata kwa nadra. Ndiyo maana robo saa yatosha kuupumzisha moyo.

Hata hivyo mchezo huo una uongo wake, na mtu wa Makanya atautambua haraka kuliko mtu wa London. Maji yake hayaishi, wala hakuna aliye chini ya mto anayeyangoja. Tope likioshwa hutoweka. Halizolewi, halina pa kutupwa, halijazi mfereji wa jirani. Zaidi ya yote, naosha peke yangu. Katika msaragambo, mwenye nguvu humpunguzia kikongwe, na habari za kijiji husikika humo humo matopeni.

Hilo la mwisho ndilo linalonitia wasiwasi. Vijana wengi huondoka kwenda mijini, na wanaobaki huona mfereji kuwa shughuli ya wazee. Kuwahubiria kwamba kazi mbi si mchezo mwema hakutawarudisha, wamekwisha kuisikia. Wanahitaji kazi inayofanana na ile ya wahenga wenyewe: sababu ielezwe, kila mtu apimiwe kipande chake aone kimeisha, wakubwa waingie matopeni wa kwanza, na maji yakija, aliyechimba ayapate kwa zamu yake bila upendeleo. Watoto wanaokaa saa nzima kuosha lori lisilokuwepo hawana uvivu wa kusafisha. Msomaji mwenye mfereji, choo cha shule au uwanja wa kijiji mikononi mwake na aanzie hapo.