Ukloni wa wanyama na binadamu: mjadala wa maadili

Ukloni ni njia ya kuzalisha kiumbe mwenye jeni zilezile za kiumbe mmoja aliyemtangulia, bila jeni za baba na mama kuchanganyika upya. Kwa mimea ni kazi ya kale ya mkulima. Kwa wanyama wakubwa ni kazi ya maabara, na ilijulikana duniani kote Februari 1997, Taasisi ya Roslin ya Scotland ilipomtangaza kondoo Dolly, aliyezaliwa tarehe 5 Julai 1996. Kwa binadamu, hakuna mtoto aliyethibitishwa kuzaliwa hivyo. Hoja za maadili hutofautiana katika ngazi hizi tatu, kwa kuwa hasara ya ukloni humwangukia mhusika tofauti katika kila ngazi. Kuzichanganya kumewafanya wengi waogope yasiyo na madhara na kuyapuuza yenye madhara.

Miteremko ya Mlima Meru imejaa kloni. Mgomba wa kuliwa hauna mbegu za kupanda. Mmeru au Mwarusha hung'oa chipukizi kando ya shina na kulihamishia kwenye shimo jipya, na mgomba unaoota huwa na jeni zilezile za ule wa awali. Migomba ya mshare, ambayo ndizi zake hupikiwa mtori, imetunzwa hivyo kizazi hadi kizazi. Kahawa nayo imefuata njia hiyo: aina bora zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani, zilizotolewa na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa (TaCRI) iliyopo Lyamungu, Kilimanjaro, huzalishwa kwa vipandikizi ili miche isipoteze sifa za mti mama. Maabara za tishu hufanya jambo lilelile kwa kasi zaidi na kwa usafi zaidi, na mche unaotoka humo haujabadilishwa jeni.

Tatizo la kloni shambani ni kufanana. Ugonjwa unaoweza kuua mgomba mmoja unaweza kuua yote, kwa sababu yote ina udhaifu mmoja. Katika karne ya 20 mnyauko wa Panama, unaoletwa na kuvu wa Fusarium aishiye udongoni, uliangamiza mashamba ya ndizi za Gros Michel ya Amerika ya Kati, na biashara ya dunia ikahamia aina ya Cavendish, ambayo nayo ni kloni. Aina mpya ya kuvu huyo, inayoshambulia Cavendish, iligunduliwa kuwa imefika Msumbiji mwaka 2013. Mshare wa Meru na Kilimanjaro huuawa na aina ya zamani. Ndiyo maana watafiti wa Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Tropiki (IITA), wenye kituo cha uzalishaji wa migomba katika Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha, wanajitahidi kuupandisha mshare na migomba pori ili ipatikane mbegu na, kutokana nayo, mimea iliyo tofauti. Kazi hiyo ni ngumu, maana migomba hii hutoa mbegu kwa nadra mno.

Kwa mnyama, kiini cha seli ya mwili huingizwa ndani ya yai lililotolewa kiini chake, kisha kiinitete kinachotokea hupandikizwa katika tumbo la jike mwingine. Dolly alitokana na seli ya kiwele cha kondoo wa miaka 6, naye ndiye pekee aliyezaliwa kutokana na majaribio 277. Hapo ndipo hoja nzito ya maadili ilipo. Mimba nyingi huharibika. Kondo la nyuma mara nyingi halikui sawasawa, na baadhi ya ndama huwa wakubwa kupita kiasi hata mama akashindwa kuzaa bila kupasuliwa. Mateso haya humpata jike ambaye jeni zake hazimo kabisa katika ndama anayembeba. Mwaka 2008 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitamka kwamba nyama na maziwa ya ng'ombe, nguruwe na mbuzi wa kloni ni salama kwa mlaji. Mwaka 2015 Bunge la Ulaya lilipiga kura kutaka ukloni wa mifugo upigwe marufuku. Uamuzi wa kwanza ulipima afya ya mlaji, wa pili ukatilia maanani pia ustawi wa mnyama, na kwa sababu hiyo wa kwanza hauwezi kutumiwa kuujibu wa pili.

Mfano ulio karibu zaidi na Arusha ni Tumaini, dume la ng'ombe wa aina ya Boran aliyezaliwa kwa ukloni katika Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI), Nairobi, na kutangazwa mwaka 2016. Tumaini mwenyewe hakubadilishwa jeni. Alikuwa hatua ya kwanza kuelekea ng'ombe anayestahimili nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, ambaye wafugaji wengi humwita ndorobo. Nyani hawaugui nagana kwa sababu damu yao ina protini inayoua vimelea vya tripanosoma. Watafiti walikusudia kuingiza jeni ya protini hiyo katika seli ya Boran, kisha kumzalisha ndama kutokana na seli hiyo.

Anayemwona mfugaji wa Kimaasai akipoteza mifugo kwa maradhi hawezi kuuita mpango huo anasa. Dawa za nagana ni za zamani, vimelea vimeanza kuzizoea, na kunyunyizia dawa ya wadudu kuna gharama zake. Lakini mbung'o pia wamezuia, kwa karne nyingi, ng'ombe wasiingie katika mapori ambayo leo ni makazi ya wanyamapori. Ng'ombe asiyeugua angeweza kufika huko, na mvutano kati ya malisho na hifadhi, ambao Kaskazini mwa Tanzania tayari ni mkali, ungeongezeka. Swali la nani aamue, maabara, serikali au jamii ya wafugaji, linastahili kuulizwa kabla ndama wa kwanza hajapelekwa malishoni.

Uhimilishaji, yaani kumpa ng'ombe mimba kwa mbegu zilizovunwa kutoka kwa dume, haupaswi kuchanganywa na ukloni. Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji (NAIC) cha Usa River huzalisha mbegu za madume bora. Kila ndama atokanaye nazo ana baba na mama, naye ni tofauti na wenzake. Hata hivyo mbegu za madume wachache zikisambazwa kwa wafugaji wengi, ujamaa wa damu katika mifugo huongezeka, na ukloni wa madume hao ungeuzidisha. Tena mimba za kloni huharibika mara nyingi, na kwa kaya ya Meru inayofuga ng'ombe mmoja au wawili bandani, mimba iliyoharibika ni maziwa ya msimu mzima yaliyopotea, na mara nyingine ada ya shule. Hakuna haki katika kumtaka mfugaji huyo abebe hatari ya jaribio la maabara.

Kuhusu binadamu, makubaliano ni mapana. Azimio la UNESCO la mwaka 1997 kuhusu jenomu ya binadamu linataja ukloni wa kuzalisha mtu kuwa ni kinyume cha utu. Mwaka huohuo Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Kiislamu lenye makao Jeddah liliuharamisha kwa binadamu, likaruhusu ukloni wa mimea na wanyama kwa masharti ya sharia. Kanisa Katoliki linaukataa pia, hata pale kiinitete kinapoumbwa kwa ajili ya tiba tu. Mwaka 2005 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha tamko la kuukataza kwa kura 84 dhidi ya 34, nchi 37 zikijizuia, lakini tamko hilo halina nguvu ya sheria. Kenya iliupiga marufuku ukloni wa kuzalisha mtu katika Sheria ya Afya ya mwaka 2017. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ambao mahakama yake ina makao Arusha, hautaji ukloni, ila ibara yake ya 5 inalinda heshima ya utu.

Hoja ya nasaba ina uzito wa pekee Afrika Mashariki. Mtoto wa kloni angekuwa, kwa jeni, pacha wa mtu anayeitwa baba yake, na babu yake angekuwa mzazi wake. Urithi, mahari na miiko ya kuoana hutegemea kujua nani ni nani. Dai kwamba kloni angekuwa nafsi ileile ya mtangulizi wake halina msingi: pacha wa kufanana huishi kama watu wawili kamili. Hoja iliyo imara zaidi ni ya usalama. Huko Shanghai, kima wawili waliotangazwa mwaka 2018 walipatikana baada ya viinitete 79 kupandikizwa kwa majike 21. Kumfanyia mwanamke na mtoto jaribio kama hilo ni dhuluma.

Ukloni wa tiba, unaolenga kupata seli shina bila kuzaa mtoto, bado unabishaniwa. Unahitaji mayai ya wanawake, na kashfa ya mtafiti Hwang Woo-suk wa Korea Kusini, aliyebainika mwaka 2005 kughushi matokeo ya ukloni huo, ilifichua pia kwamba baadhi ya mayai yalitoka kwa wasaidizi wake wa maabara, ambao hawakuwa na uhuru kamili wa kukataa. Tangu mwaka 2006, mtafiti Shinya Yamanaka wa Japani alipoonyesha kuwa seli za kawaida za panya zinaweza kurudishwa katika hali ya seli shina bila yai wala kiinitete, maabara nyingi zimeiacha njia ya ukloni.