Fensi ya Miti: Ipi Inakua Mbio na Ipi Itakuletea Noma

Umenunua ploti Juja ama Kitengela, ganji ya ukuta wa mawe bado haijaingia, na kila ukianika nguo mtaa mzima unakuangalia. Fensi ya miti itakuokolea doo, lakini ile inakua mbio zaidi si lazima iwe ndio poa zaidi.

Minyaa ndio rahisi. Unaomba jirani kijiti, unadunga kwa mchanga, imeshika. Haitaki maji mengi na mbuzi hawaisumbui. Noma ni yale maziwa yake: yakiingia machoni yanachoma vibaya sana, na unaweza kaa siku kadhaa huoni vizuri. Kama kuna watoi wanacheza hapo nje, achana nayo. Duranta nayo inapendeza, ila zile beri zake za manjano ni sumu, so ikate mara kwa mara kabla itoe maua.

Saiprasi ni ya wasee wa Limuru na kwingine kwa baridi. Kwa mchanga mweusi wa Kitengela itakutesa. Halafu ukiikata hadi pale ndani kwa kahawia, haitoi majani tena. Hilo shimo ndio umelipata.

Kwangu mimi, kama shida ni wezi, panda kayaba. Ndio hiyo hiyo ya Mukuru Kayaba. Miiba yake ni mirefu kama sindano, ukame inavumilia, na matunda yake machachu yanatoa jemu fiti. Shida yake ni kujivuta mwanzoni. Weka miche futi moja moja kwa mistari miwili, mvua ya Machi ikianza ama ile ya Oktoba. Ikifika magotini, kata vichwa. Najua inauma kukata kitu umengoja hivyo, lakini ukiiacha irefuke kwanza, chini itabaki wazi na kuku wa jirani watapita wakikucheka.

Ukingoja, chomeka vijiti vya tithonia, ile ya maua ya njano kama alizeti, upande wa ndani, hatua mbili kutoka kwa kayaba. Msimu mmoja wa mvua inaweza kukupita urefu, na majani yake ni mbolea safi ya sukuma. Kayaba ikishika, ing'oe, isije ikaiziba jua.

Siku ya kukata kayaba vaa glavu nzito na uokote kila tawi. Miiba ikibaki njiani, bodaboda wa kwanza kupata pancha anajua ni geti gani ya kubisha.