Ile Datsun Iliyoshinda Safari Haikuwa na Gia Nne

Leo naanza na kuomba radhi.

Wiki tatu zilizopita niliposti video ya dakika mbili kuhusu Datsun 240Z, ile gari spoti iliyoshinda Safari Rally mwaka wa 1971. Ilitazamwa kuliko video yoyote niliyowahi kutoa. Na mle ndani nilisema, tena kwa kujiamini, kwamba gari ile ilikuwa na gia nne na kwamba ni Wamarekani walioifanya ikafaa kushindana. Watu wakashare, wakanipongeza, mmoja akaandika "huyu jamaa hakuhitaji chuo". Nilifurahi sana, manake mnajua niliacha chuo mwaka wa pili, na hapa nyumbani hilo jambo bado halijaisha mdomoni mwa watu.

Sasa, video ilikuwa na makosa. Na aliyeniambia ni mzee mmoja fundi hapa Kakuyuni, ambaye gereji yake ni mwembe, benchi la mbao na sanduku la spana.

Nilikuwa nimepeleka pikipiki ya mjomba ikazwe cheni. Kijana anayemsaidia akamwonyesha mzee ile video kwa simu. Mzee akaitazama yote, kimya, mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, gia nne? Ile ya tano umeiuza wapi?"

Watu walicheka mpaka jamaa wa boda aliyekuwa amelala kivulini akaamka. Nikajaribu kujitetea: "Mzee, mimi nimesoma, vipimo vyote ninavyo." Akasema, "Umesoma vya Marekani. Iliyokimbia huku ni nyingine." Ujanani alikuwa akishika tochi katika gereji moja Mombasa, na gari za mashindano alizitazama kutoka chini, si kwa kioo cha simu kama mimi.

Nikarudi nyumbani na hasira zangu, nikanunua bando, nikakesha siku nne nikisoma. Mzee alikuwa sawa. Na kilichonikosesha ni kitu ambacho nadhani wengi wetu hatukijui: gari moja, jina moja, sura moja, inaweza kuwa gari tofauti kulingana na inakouzwa.

Tuanze mwanzo. Nissan walitoa gari hii Oktoba 1969. Kwao Japani iliitwa Fairlady Z, na ya kawaida ilikuwa na injini ya lita mbili, silinda sita. Ya kupeleka nje ikapewa injini kubwa zaidi, cc 2393, na jina Datsun 240Z. Kwa nini? Kwa sababu ya Marekani. Mkuu wa Nissan kule alikuwa Yutaka Katayama, wengi wanamjua kama Mr. K. Yeye aliona Mmarekani hatanunua gari ya lita mbili kwa barabara ndefu za kwao, na jina la Fairlady, ambalo ni kama kuiita gari "Bibiye Mrembo", lingechekwa. Ndo ikawa 240Z. Bei ilikuwa dola 3,526, wakati Porsche 911 na Jaguar E-Type zilikuwa juu zaidi sana. Watu walipanga foleni.

Kwa hivyo sikukosea kila kitu. Bila Marekani, ile injini ya lita 2.4 pengine isingekuwepo. Hapo Mr. K apewe haki yake.

Tatizo linaanza nyuma ya injini. Gari iliyokwenda Marekani ilipewa giaboksi ya gia nne, au otomatiki, na difu ya 3.36. Iliyokwenda Ulaya ilipewa gia tano na difu ya 3.9. Najua hapa wengine mnataka kuondoka, subirini, ni rahisi. Namba ya difu inaonyesha shafti inazunguka mara ngapi ili gurudumu lizunguke mara moja. Namba ikiwa kubwa, gari inavuta kwa nguvu na kuchomoka haraka, lakini injini inalia sana ukiwa kwa mwendo mrefu. Namba ikiwa ndogo, gari inateleza kwa utulivu barabara kuu, ila haichomoki vile.

Sasa tazama ujanja wa ile ya Ulaya. Difu ya 3.9 inampa dereva uchomokaji kwa kona na milima, halafu gia ya tano inashusha mzunguko wa injini mpaka unakuwa karibu sawa na gia ya nne ya Mmarekani. Yaani Mzungu wa Ulaya alipata ulaini uleule wa barabara kuu, na juu yake akapata nguvu ya kuvuta. Springi na shokabu za Ulaya pia zilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu kule dereva wa gari spoti alitarajiwa kukata kona za milimani na kukimbia kwa muda mrefu. Mmarekani alitengenezewa starehe: springi laini, gia chache, safari ndefu iliyonyooka. Ilibidi asubiri mpaka 1977 ndipo Z ya kwao ikaanza kupatikana na gia tano.

Baada ya hapo sheria zikazidi kuzitenganisha. Miji ya Marekani, hasa Los Angeles, ilikuwa imejaa moshi wa magari, na serikali ikakaza sheria ya hewa safi mwaka wa 1970. Z za Marekani za 1973 zikapewa kabureta mpya za kupunguza moshi, ambazo wenye gari walizichukia hata wakawa wanazing'oa na kufunga za zamani. Mwaka huohuo ikaja sheria ya bampa: ya mbele lazima ihimili kugongwa kwa mwendo wa maili tano kwa saa, kama kilomita nane. Mwaka uliofuata na ya nyuma pia. Ile bampa nyembamba ya kupendeza ikageuka boriti, na gari ikaongeza uzito.

Mwaka wa 1974 ikaja 260Z, na mwaka huohuo Marekani wakaweka kikomo cha maili 55 kwa saa nchi nzima kwa sababu ya shida ya mafuta. Hiyo ni kama kilomita 88. Fikiria, gari spoti kabisa inakimbia polepole kuliko basi la usiku la Mombasa! Mwaka wa 1975 Wamarekani wakapata 280Z, lita 2.8, ya kupulizia mafuta badala ya kabureta. Hiyo 280Z ilikuwa ya Amerika Kaskazini peke yake. Ulaya waliendelea na 260Z yao, kabureta zao na bampa zao nyembamba.

Msinielewe vibaya, siwacheki Wamarekani. Ile sheria ya moshi ilikuwa ya kuokoa mapafu ya watu. Sisi tunaopanda matatu zinazotoa moshi mweusi kama jiko la mkaa tuna uso gani wa kucheka? Ninachosema ni kwamba ukisoma "240Z" au "Z" mtandaoni, uliza kwanza: ya wapi, na ya mwaka gani? Mimi sikuuliza. Nilichukua karatasi ya Marekani nikaibandika kwa gari ya Safari.

Haya, turudi huku kwetu.

Safari ilianza 1953, ikipewa jina la kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na kwa miaka mingi ilikuwa shindano la Afrika Mashariki, wakati wa Pasaka. Pasaka mnaijua: ndio mvua inaanza. Asubuhi unakula vumbi, jioni gari imezama matope mpaka mlangoni. Njia ilikuwa ya maelfu ya kilomita, na barabara hazikufungwa. Ukiwa mwendo wa kuua unaweza kukutana na basi, ng'ombe au mama na kuni zake. Kumaliza tu ilikuwa ushindi.

Mwaka wa 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa Datsun 1600 SSS. Mwaka wa 1971 wawili haohao wakarudi na 240Z, nyekundu yenye boneti nyeusi, namba 11, wakashinda tena. Wa pili alikuwa Shekhar Mehta na Mike Doughty, nao kwa 240Z. Magari haya yalitayarishwa na Nissan wenyewe, hayakutolewa dukani Marekani. Yalikuwa na gia tano, springi ngumu, bamba la chuma chini ya injini na taa kubwa mbele. Ukweli ni kwamba hata kwa ile ya dukani Ulaya yalikuwa mbali, lakini ukiyaweka kati ya ndugu zake wawili, utajua yanafanana na nani.

Na sababu utaielewa ukipita na pikipiki njia zetu za mashambani wakati wa mvua. Gia ya juu huioni. Unaishi kwa ya pili na ya tatu, unapanda, unashuka, unachomoka tena. Ukiwa na gia chache zilizoachana mbali, unabaki katikati: hii injini inalia, ile injini inazimika. Mzee aliniambia maneno yaleyale huku akipangusa mikono.

Halafu kuna 1973, ambayo kwangu ndio hadithi kubwa kuliko zote. Ulikuwa mwaka wa kwanza wa Ubingwa wa Dunia wa Rali, na Safari ilikuwa ndani yake. Shekhar Mehta alikuwa mzaliwa wa Uganda. Mwaka mmoja kabla, 1972, Idi Amin alikuwa amewafukuza Waasia, na familia yake ikapoteza makao ya miaka mingi. Mehta akaingia Safari kwa 240Z akiwa na Lofty Drews, na mwisho wakalingana pointi na Harry Källström, aliyekuwa kwa Datsun nyingine. Waliamuliwa kwa kanuni ya nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu. Akawa Mehta. Mtu aliyefukuzwa kwao akashinda shindano gumu kuliko yote, jirani tu na pale alipofukuzwa. Baadaye alishinda tena mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982.

Hii ndiyo nusu niliyoiacha kwa video yangu. Nilimtaja Mr. K mara tatu. Mehta sikumtaja hata mara moja, kwa sababu wale niliokuwa nikiwasoma hawakuwa na shida naye. Kwao hadithi ya Z ni ya California. Na mimi, kijana wa Kilifi, nikaisimulia hivyohivyo kwa lafudhi yangu nikidhani nimeleta kitu kipya.

Kuna faida ya mfukoni pia kwa kuujua huu mchezo. Binamu yangu aliwahi kuagiza taa za mbele mtandaoni kwa muuzaji fulani wa nje, bei nzuri sana. Zilipofika zilikuwa za gari za Marekani. Kule wanaendesha upande wa kulia, basi taa zao huinua mwanga kuelekea kulia, pembeni mwa barabara. Huku kwetu kulia ni usoni mwa anayekuja. Hela ikaenda. Gari ilikuwa jina lilelile na sura ileile, lakini soko tofauti. Ndio maana mafundi husema soma namba ya chesi kwanza. Kwa 240Z, HS30 ni ya usukani wa kulia, HLS30 ni ya kushoto. Herufi moja tu, na inakwambia gari ilizaliwa iende upande gani wa dunia.

Ile video nimeifuta leo asubuhi. Nilikaa nayo kwa simu muda mrefu kabla ya kubonyeza, kwa sababu ndiyo iliyoniletea nusu ya nyinyi mnaosoma hapa. Ningeweza kuiacha na kuandika marekebisho chini, lakini nani husoma chini? Ingeendelea kuzunguka na gia zake nne.

Jana jioni nilirudi kwa mzee kumwomba nimrekodi, asimulie Safari mwenyewe kwa mdomo wake. Alikataa. Alisema uso wake hauna kazi kwa simu za watu. Nikamuuliza basi nisemeje. Akainama kwa injini ya pikapu iliyokuwa mbele yake, akajibu bila kugeuka:

"Sema ni tano. Na umtaje Mehta."