Kutoka Jukwaani hadi Chumba cha Mtihani: Tamthilia katika Shule za Sekondari Tanzania

Katika shule za sekondari za Tanganyika ya kikoloni, tamthilia iliigizwa zaidi kwa Kiingereza, na Shakespeare alikuwa kipimo cha ustaarabu. Baada ya uhuru mwelekeo ulibadilika. Julius Nyerere alitafsiri Julius Caesar kwa Kiswahili mwaka 1963; na baada ya Azimio la Arusha la 1967, waandishi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walirejea ngoma, nyimbo na utambaji wa hadithi. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ilichapishwa mwaka 1969, na Nguzo Mama ya Penina Muhando mwaka 1982.

Hata hivyo, tamthilia za aina hiyo ziliingia shuleni kama vitabu teule vya fasihi. Mtihani wa maandishi ulipima dhamira na wahusika, si uigizaji. Hasara yake hudhihirika katika Nguzo Mama, ambamo wanawake wa kijiji cha Patata hujaribu kuisimamisha nguzo mbele ya hadhira, nayo haisimami. Tendo hilo likisomwa tu, hubaki ishara ya kukaririwa. Likiigizwa, mwanafunzi huuhisi uzito wa nguzo mabegani. Kwa hiyo, Kiswahili kiliipata tamthilia ya shule wakati ambapo jukwaa lenyewe lilikuwa likitoweka.