Mdudu Aliyevuka Bahari Bila Adui Zake

Mwaka 1973, wakulima wa maeneo ya Kinshasa na Brazzaville, miji inayotazamana kwenye kingo mbili za Mto Kongo, waliona jambo geni katika mihogo yao. Ncha za mimea zilijikunja na kudumaa, na katikati ya majani machanga wakaonekana wadudu wadogo waliojaa ungaunga mweupe. Kiangazi kilipozidi, majani yalipukutika, yakabaki mashina matupu. Mgeni huyo alikuwa kidung'ata wa muhogo.

Ili kuelewa uzito wa jambo hilo, lazima tuutazame muhogo wenyewe. Wareno waliuleta Afrika kutoka Amerika Kusini katika karne ya 16, na kwa vizazi vingi wakulima wetu waliufanya kuwa ghala lililo ardhini. Huvumilia ukame na udongo uliochoka, na mizizi yake husubiri shambani mpaka siku ya shida. Ilipofika miaka ya 1970, watu wapatao milioni 200 barani Afrika waliutegemea. Mahindi yakishindwa, muhogo ndio uliobaki.

Kidung'ata alishambulia mambo matatu kwa pamoja. Mmea ukikosa majani, mizizi hainenepi. Katika mashamba yaliyoathirika vibaya mavuno yalipungua hata kwa asilimia 80. Majani yenyewe ni mboga: kisamvu kwa Watanzania, sombe kwa Wakongo wa mashariki. Na shina lililodumaa halitoi pingili nzuri za kupanda msimu unaofuata. Familia ilipoteza chakula, mboga na mbegu.

Mdudu huyu huzaliana bila dume, kwa hiyo mmoja tu alitosha kuanzisha kizazi kipya. Upepo ulimpeperusha, na watu wakambeba bila kujua, kwa sababu mbegu ya muhogo hainunuliwi dukani: hutolewa na jirani au ndugu wa ng'ambo ya mpaka. Kwa njia hiyo alienea hadi Afrika Magharibi, na kabla ya miaka ya 1980 kwisha alikuwa ameingia Malawi na Tanzania.

Viuatilifu havikuwa jibu. Mkulima mdogo hakuwa na fedha za kuvinunua, mdudu alijificha ndani ya majani yaliyojikunja, na mboga iliyonyunyiziwa sumu ingeishia kwenye sahani za watoto.

Mwaka 1979 mtaalamu kijana wa wadudu kutoka Uswisi, Hans Rudolf Herren, alijiunga na Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki iliyoko Ibadan, Nigeria. Hoja yake ilikuwa kwamba muhogo ulitoka Amerika, na huenda mdudu naye alitoka huko. Ikiwa huko kwao hasababishi maafa, basi kuna kiumbe kinachomzuia, na kiumbe hicho hakikuvuka bahari pamoja naye.

Msako ulianza na kukwama. Kaskazini mwa Amerika Kusini alipatikana kidung'ata aliyefanana sana na wa Afrika, lakini alikuwa wa spishi nyingine, na maadui zake hawakuwa tiba ya tatizo letu. Mwaka 1981 Anthony Bellotti, mtafiti wa kituo cha kilimo cha Cali, Kolombia, alimpata mdudu mwenyewe nchini Paraguay. Huko aliishi pamoja na nyigu asiyefika urefu wa milimita mbili, anayeitwa na wataalamu Anagyrus lopezi.

Nyigu jike hutaga yai ndani ya mwili wa kidung'ata. Buu likianguliwa humla mwenyeji wake kutoka ndani, na baadaye hutoka nyigu mpya anayekwenda kutafuta windo jingine. Lakini hakuletwa Afrika moja kwa moja. Alipitishwa kwanza karantini mjini London, ihakikishwe kuwa tiba haiji na ugonjwa mwingine. Novemba 1981 nyigu wa kwanza waliachiwa kusini-magharibi mwa Nigeria.

Kazi ngumu ikafuata. Ili kupata nyigu, ilibidi kuotesha mihogo, kuwafuga vidung'ata juu yake, kisha kuwafuga nyigu kwa vidung'ata hao. Wengine walisambazwa kwa magari, wengine walidondoshwa kutoka kwenye ndege, na Waafrika wengi walifunzwa kuiendeleza kazi hiyo katika nchi zao. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 nyigu alikuwa ameota mizizi katika zaidi ya nchi 20. Vidung'ata walipungua karibu kila mahali, isipokuwa katika mashamba machache yenye mchanga uliochoka, ambako mmea dhaifu ulihitaji pia udongo wenye rutuba.

Mwaka 1995 Herren alipewa Tuzo ya Chakula Duniani. Wakati huo alikuwa akiongoza taasisi ya utafiti wa wadudu ya ICIPE mjini Nairobi. Mkulima hakulipa hata senti moja kwa nyigu hao. Na vidung'ata walipovamia Thailand mwaka 2008, nyigu wa kuwanusuru Wathai walitoka Benin, Afrika.

Mwaka 1984 na 1985 dunia ilitazama kwa uchungu picha za njaa ya Ethiopia, ikachanga fedha, na ilifanya haki. Miaka hiyohiyo njaa nyingine ilikuwa ikizuiwa katika mashamba ya muhogo, na wachache walijua. Fedha nyingi huja baada ya watu kudhoofu; utafiti unaowakinga husubiri foleni.

Umoja wa Mataifa unakadiria kuwa watu wapatao milioni 673 walikumbwa na njaa mwaka 2024. Vita, umaskini na mabadiliko ya tabianchi havitatibiwa na nyigu. Hata muhogo una adui mwingine: ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ulioelezwa na watafiti wa kituo cha Amani, Tanganyika, tangu 1936, huozesha mizizi huku mmea ukionekana mzima. Ugonjwa huu huletwa na virusi; dawa yake ni mbegu safi na aina zinazostahimili, kazi inayofanywa leo katika taasisi za utafiti za Naliendele, Mtwara, na Namulonge, Uganda. Serikali zetu zizipe taasisi hizo bajeti ya kudumu, na wakulima wapewe mbegu hizo kabla shamba halijaoza. Njaa ya aina hii tunajua namna ya kuizuia, na kwa hiyo hatuna udhuru wa kuisubiri.