Kabla ya Simu Kulikuwa na Kipande

Ukisimamishwa na polisi usiku pale Tom Mboya Street, hutaulizwa kama una "kitambulisho". Utaulizwa kipande iko wapi. Neno hilo limekaa midomoni mwetu zaidi ya miaka 100, na wengi wetu hatujui lilianza kama kifaa cha kufuatilia watu.

Sheria ya kusajili wenyeji ilipitishwa 1915, ila Vita vya Kwanza vya Dunia viliichelewesha hadi mwisho wa muongo huo. Ilipoanza kutumika, kila mwanaume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kubeba karatasi yenye jina lake, kabila na alama za vidole, ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Wakikuyu walikiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi.

Lakini alama za vidole hazikuwa kiini cha mambo. Kiini kilikuwa sehemu ya kazi: mwajiri ni nani, umeanza lini, mshahara ni ngapi, umeachishwa lini. Ukitaka kuondoka shambani kwa mzungu, lazima asaini. Ukitoroka bila saini, mwajiri mwingine akikifungua kikopo anaona pengo mara moja. Kule Nairobi kulikuwa na ofisi iliyotunza rekodi za vidole, kwa hivyo hata kubadilisha jina hakukusaidia sana. Na kuacha kazi kabla ya mkataba kuisha kulikuwa kosa la jinai.

Ona kitu kimoja hapo. Hakuna aliyehitaji kujua mtu huyu anawaza nini kuhusu Gavana. Ilitosha kujua alikuwa wapi, kwa nani, kuanzia lini.

Watu hawakunyamaza. Kipande kilikuwa kati ya malalamiko makubwa ya Harry Thuku na chama chake cha East African Association, pamoja na kodi na kazi za lazima. Alipokamatwa Machi 14, 1922, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi. Siku mbili baadaye risasi zikafyatuliwa. Muthoni Nyanjiru, aliyewachokoza wanaume wasonge mbele, alikuwa kati ya waliouawa. Serikali ilihesabu maiti 21. Wengine walisema ni wengi zaidi. Kipande chenyewe kiliendelea hadi miaka ya 1940.

Sasa njoo kwa simu yako. Tangu 2016 meseji za WhatsApp zimefungwa kwa namna ambayo hata kampuni haizisomi njiani, na hapo ndipo tunajiambia tuko sawa. Ni kweli kiasi. Maneno yamefichwa, lakini mtandao wa simu bado unajua laini yako imeshika mlingoti upi, umempigia nani, saa ngapi, na mmeongea dakika ngapi. Na laini hizo zilianza kusajiliwa kwa kitambulisho mwaka 2010. Yaani kipande kiliunganishwa na simu, na saini ya bwana shamba haihitajiki tena. Simu inajisainia yenyewe kila ukipita mtaa.

Kuna waliojaribu kuweka breki. Mwaka 2017 Mamlaka ya Mawasiliano ilitaka kuunganisha mtambo wake na mitandao ya kampuni za simu, ikisema inasaka simu feki tu. Okiya Omtatah akaenda kortini. Hofu ilikuwa kwamba mtambo huo ungeweza kufikia rekodi za simu za watu, na Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya mawasiliano. Aprili 2018 Mahakama Kuu ikausimamisha mpango huo. Aprili 2020 Mahakama ya Rufaa ikaubatilisha uamuzi huo. Wengi wetu tulikuwa tumejifungia nyumbani kwa sababu ya korona, na habari hiyo ikapita tu.

Iliagizwa kwamba kuanzia Januari 1, 2025, anayeingiza simu nchini aandikie KRA namba ya IMEI ya kila moja. Sababu iliyotolewa ni ushuru, na huenda ni hivyo tu. Ukitaka kuona ya kwako, bonyeza *#06#. Ni tarakimu 15, na hazibadiliki hata ukitupa laini.